Supu Isiyo na Moshi ya Mama Sanga

Mkipita kijijini Yakobi mkanikuta napalilia viazi, nisalimieni kwa heshima. Najua mtaona bibi wa kawaida, sweta limetoboka kiwiko, gambuti za mguuni hazifanani. Basi bibi huyo ndiye aliyewapikia kifungua kinywa madereva wa njia ya Songea na njia ya Mbeya pale Makambako, na ndiye aliyewapikia supu ya kongoro bila moshi wakati watu walikuwa wanaapa kwamba haiwezekani. Nasema mapema ili msije mkadhani najisifu kwa bahati mbaya. Najisifu kwa makusudi.

Ninyi mnaoanza kazi ya mgahawa mmeniomba niwaeleze tulivyopunguza kuni. Siku hizi kila mkutano ni nishati safi, kila redio ni tunza misitu, na mimi naunga mkono mia kwa mia. Lakini sitawadanganya kwamba tulianza kwa ajili ya misitu. Tulianza kwa ajili ya kifua cha mtu mmoja. Misitu ilifaidika kwa kupitia mlango huohuo.

Mtu huyo ni Mama Sanga. Alikuwa Mkinga wa Matamba, mfupi, mwepesi, mwenye mgahawa wa mabati karibu na stendi. Alinichukua nikiwa msichana nisiyejua hata kuchambua maharage, akanifundisha kazi mpaka nikawa mpishi wake mkuu. Kufundisha kwake kulikuwa kwa maneno machache na vidole vigumu. Ukifunua sufuria kuchungulia supu, unapigwa kidole cha kichwani. "Mfuniko si kofia," anakwambia, "usiuvue kila anapopita mtu." Ukiosha sufuria nje ukaacha masizi, anakurudishia bila neno. Ukikata kongoro vipande vikubwa kama vya harusini, anakuuliza kama unapikia simba.

Mtu wa tatu jikoni alikuwa Osmundi, mpika chapati. Kwao ni Ludewa, ukanda wa ziwa, na kwa kila jambo alikuwa na mfano wa samaki. Tulimzoea. Chapati zake zilikuwa laini kiasi kwamba madereva walikuwa wanamsamehe hadithi zake.

Jiko letu la zamani mngeliona mngelia, tena si kwa huruma. Mafiga matatu makubwa, magogo ya miti ya miwati, dirisha moja lenye ukubwa wa kitabu cha tenzi. Ukuta mweusi, dari jeusi, na sisi wenyewe tulikuwa tunaelekea hukohuko. Asubuhi nilikuwa namtambua Mama Sanga kwa kikohozi chake kabla sijamwona. Tulidhani ndiyo kazi ilivyo. Mvuvi hulowa, mpishi hukohoa, alisema Osmundi, na sisi tukacheka.

Mwaka mmoja kikohozi kikagoma kutoka. Mama Sanga akapungua, akawa anasimama katikati ya sentensi kutafuta pumzi. Alipopelekwa hospitali Njombe, daktari akamwambia wazi kwamba dawa atampa, lakini akirudi kwenye moshi, dawa itakuwa kazi bure. Akabaki nyumbani kwake Kitandililo, na mgahawa akaniachia mimi.

Nikaenda kumtazama siku ya Jumapili. Ninyi mliokulia kwenye gesi huenda hamjui desturi hii: huku kwetu mwanamke akiugua, akifiwa au akijifungua, wanawake wenzake hawaendi mikono mitupu. Kila mmoja anakwenda na ukuni kichwani. Ndiyo pole yake. Ukuni unasema, usihangaike kuchanja, wewe pona. Na Mama Sanga alikuwa anapendwa. Nilikuta rundo la kuni mlangoni pake limefika dirishani, na ndani mkwewe anampikia uji kwa kuni hizohizo, mgonjwa yuko chumba cha pili anakohoa mpaka kitanda kinagonga ukuta.

Nilikaa pale nikiangalia lile rundo, nikapata uchungu ambao sikuwa na wa kumlaumu. Upendo wote ule ulikuwa unamwingia kifuani.

"Mama Faraja," akaniambia, maana Faraja ni mwanangu wa kwanza, "nimeamua. Mgahawa ni jiko. Jiko ambalo mwenyewe siwezi kuingia si langu tena. Yuko kijana anataka pale pa kuuzia vipuri vya pikipiki. Mahindi yakishavunwa, kama sijaweza kukaa mle ndani, nampa."

"Na sisi je, mama?"

"Ninyi mna mikono. Mtapata pengine." Halafu akageukia ukutani, nikajua analia.

Niliondoka nikiwa nimeshika kitu kimoja tu katika maneno yake: kukaa mle ndani. Hakusema gesi, hakusema umeme. Alisema kukaa. Na gesi tulikuwa tumeshaijaribu kwa chai, inafaa sana, lakini kongoro la ng'ombe wa nyanda za juu linataka moto wa nusu siku, na mtungi wetu ulikuwa unakata roho kabla mifupa haijalainika.

Jibu nililipata kwa seremala mmoja jirani na stendi. Nilimkuta anachemsha chai kwenye kopo la rangi. Hakuna kuni, hakuna mkaa, hakuna moshi wa kusema. Nikachungulia. Kopo limejazwa maranda, lile vumbi la msumeno, limeshindiliwa kama udongo, katikati lina tundu, na ndani ya tundu moto unakula taratibu. Nikamwuliza moto ule unadumu muda gani. Akasema, "Mpaka niuchoke mimi."

Mnaijua Njombe yetu. Kila upande ni paina na milingoti, yaani mikaratusi, kila kona kuna mashine ya kupasua mbao, na nyuma ya kila mashine kuna mlima wa maranda unaochomwa ovyo barabarani mpaka magari yanawasha taa mchana. Sisi tulikuwa tunakata miwati mibichi tupikie supu, na pembeni yetu watu wanachoma moto wa bure ili waondoe uchafu. Nilijiona nimetembea na kiu miaka yote kando ya mto.

Sasa sikilizeni namna ya kulitengeneza jiko hilo, kwa sababu hili ndilo mlilolifuata. Chukua nusu pipa. Toboa tundu ubavuni, chini kabisa. Simamisha mti mnene katikati, pitisha mwingine kwenye tundu la chini mpaka ikutane. Mimina maranda makavu kidogo kidogo, kila safu ishindilie kwa mchi. Usione aibu, twanga kama unatwanga mahindi ya bwana harusi. Likijaa, zungusha ile miti polepole uichomoe. Ukiivuta kwa pupa, kuta zinaporomoka na unaanza upya. Washia chini kwa vijiti vichache. Anza nje, uwanjani, maana dakika za mwanzo linafuka. Likishatulia na tundu likawa jekundu, libebeni watu wawili mliingize ndani. Na ukishateleka sufuria juu yake, usilichokonoe.

Hilo la kutochokonoa tulilijifunza kwa Osmundi. Siku ya kwanza tuliteleka kongoro, moto ukawa mzuri, mimi nikaenda sokoni. Osmundi akaona moto umenyamaza mno. Mtu aliyezoea kuni hawezi kuvumilia moto usioongea. Akachukua fimbo akauamsha. Nilirudi nikakuta ukuta wa maranda umeanguka, sufuria imelala upande, supu yote sakafuni, na Osmundi amesimama juu ya stuli ameshika fimbo yake.

"Dada," akasema, "hata samaki unamgusa kidogo kuona kama ameiva."

Madereva asubuhi iliyofuata walikunywa chai na viazi vya kuchemsha, na Osmundi aliwahudumia bila mfano wowote wa samaki.

Kosa la pili lilikuwa la maranda yenyewe. Paina mbichi ina utomvu. Tukaitumia ikiwa na siku chache tu tangu ipasuliwe, na chai ikanuka kama duka la rangi. Tukajifunza kuyaanika mpaka ukiyakamata yanateleza kati ya vidole, na kuchanganya na ya miti migumu. Halafu lipo jambo ambalo sitaki mtu alisahau hata akisahau jina langu. Yapo maranda yanayotoka kwenye nguzo zilizotiwa dawa, yana kijanikijani. Mtu mmoja alituletea gunia zima bure na roho nzuri. Nikalirudisha nalo likiwa limefungwa. Dawa inayomuua mchwa haitamwonea huruma mteja wako. Bure si sababu ya kupokea kila kitu.

Na msidanganyike kwamba kisicho na moshi hakina sumu. Moto wowote unakula hewa. Tulibomoa lile dirisha la kitabu cha tenzi tukaweka dirisha la kweli, tukainua bati la juu lipumue. Asilale mtu kwenye chumba chenye jiko la namna hii. Mpishi hodari ni yule anayeamka kesho.

Baada ya hapo tukashikwa na uchu wa kubana moto. Maharage yakalowekwa tangu jana, maji ya kulowekea tukamwagilia kabichi. Viazi tukachemsha na maganda, mteja anamenya mwenyewe, na maganda yanakwenda kwa nguruwe. Chai ikipikwa mara moja inaingia kwenye chupa, haikai motoni ikichacha. Uji wa ulezi tukauchemsha kidogo tu, halafu sufuria nzima tukaitia kwenye tenga lenye mablanketi makuukuu, tukaifunika, ikajiivisha yenyewe. Osmundi alilisalimia tenga lile kila asubuhi. "Shikamoo bibi," analiambia, kwa kuwa lilikuwa limevaa blanketi na halina haraka.

Kuni zikapungua mpaka aliyekuwa anatuletea mzigo kwa tela akaja kuuliza kama tumegombana.

Lakini kulikuwa na jambo hatukulitarajia. Asubuhi za mwanzo wateja wakawa wanatupita. Tunawaona kabisa wanashuka kwenye malori, wanatazama juu ya bati letu, wanakwenda kwa jirani. Nikatoka nikamshika dereva mmoja, mteja wetu wa zamani wa njia ya Songea, nikamwuliza tumemkosea nini.

"Hamjanikosea, mama. Mbona hamjawasha moto leo?"

"Supu imeiva tangu alfajiri."

"Mbona hakuna moshi?"

Wanangu, huko Makambako watu walikuwa wanasoma supu kwenye anga. Moshi mzito, bado; moshi mwembamba, iko tayari; hakuna moshi, mwenye mgahawa ana msiba. Sisi tulikuwa tumejitangazia msiba bila kujua. Tukamtoa Osmundi na kikaango chake, tukamweka mbele ya mlango barabarani, akawa anarusha chapati juu na kuzidaka huku watu wakiangalia. Ukubwa wa kichwa alioupata siku zile haujapungua mpaka leo, lakini wateja wakarudi. Wapo waliolalamika kwamba supu imekosa ule utamu wa moshi. Nikawaambia wanywe mara tatu ndipo walalamike. Walipofika mara ya tatu walikuwa wanaomba nyongeza.

Mahindi yakaanza kukauka mashambani. Nikamtuma mkwewe amwambie Mama Sanga aje Jumamosi, aje akae. Nilifunga jiko lile siku mbili nikalisugua. Ukuta ukapakwa chokaa. Osmundi akatengeneza kiti chenye mgongo, akakiweka pembeni ya sufuria kubwa, pale Mama Sanga alipozoea kusimama. Usingizi sikuupata. Nilikuwa najua kwamba akikohoa mle ndani mara moja tu ya kweli, basi tunauza vipuri vya pikipiki.

Jumamosi ikaja na ukungu na baridi ile ya kwetu inayouma masikio. Nilikuwa nimemimina supu kwenye bakuli la kuonjea niliposikia wanawake uwanjani wakisalimia kwa lugha ya kwetu. "Kamwene! Kamwene!" Nikafurahi. Nikatoka kuwapokea.

Wanawake wa Kitandililo walikuwa wamesikia mwenzao anarudi jikoni, wakamsindikiza. Walikuja kama inavyopasa, kila mmoja na ukuni wake kichwani, mbele yao Mama Mwalongo, mwenyekiti wa akina mama wa usharika. Na kwa kuwa asubuhi ilikuwa ya baridi na mgonjwa yuko njiani anasaidiwa kutembea, walikuwa wamekwisha kuwasha moto mkubwa mbele kabisa ya mlango, ili afike apate kuota. Kuni za umande, moshi mzito mweupe. Ukungu uliukandamiza chini, na upepo ukawa unausukuma wote ndani kwa dirisha langu jipya.

Mama Sanga alikuwa amefika langoni. Amejifunika kanga mdomoni, ameshikwa mkono na mkwewe, anautazama moshi ule. Alipiga hatua moja mbele, kifua kikamshika, akainama. Akaanza kugeuka kurudi.

Sikuwaza. Nilikamata gogo la kwanza upande usiowaka nikaanza kuliburuta kwenda barabarani. Osmundi akakamata la pili.

"Mama Faraja, kulikoni unahamisha moto wetu?" Mama Mwalongo akanizuia njia.

"Niwie radhi, mama. Moshi huu hautamfaa."

"Tumetoka Kitandililo na kuni kichwani. Tumekuja kumpasha moto mgonjwa wetu. Au kuni zetu siku hizi zinanuka?"

Mnielewe, kumrudishia mwanamke ukuni wake aliokuletea kwa pole ni kuukataa utu wake. Mimi nilikuwa nalijua hilo kama maji, na gogo nilikuwa nalo mkononi linafuka. Aliyejibu ni Mama Sanga mwenyewe, pale langoni, kwa pumzi za kukatakata.

"Kuni zenu nimezipokea," akasema. "Nimezipokea tangu siku ya kwanza niliyolala. Mngeacha kuja, ningekufa kwa upweke. Lakini moshi ndio ulionilaza. Ninyi hamkujua. Mimi mwenyewe nimepika humu miaka yote na sikujua." Akapumzika. "Leo nisaidieni kitu kimoja. Nisaidieni nipite."

Mama Mwalongo akajifunga kanga yake kiunoni, akainama, akashika gogo linalowaka kwa upande wake wa baridi, akaanza kutembea kwenda barabarani. Wenzake wakamfuata, mmoja mmoja, kila mtu na gogo lake. Abiria wa basi lililokuwa limesimama walichungulia madirishani kuona wanawake wazima waliovaa nguo za kanisani wanahamisha moto kwa msururu. Makondakta wa stendi waliota moto ule mpaka jua lilipotoka. Na zile kuni ambazo hazikuwa zimewashwa, baadaye Osmundi alizipigilia zikawa kichanja cha kuanikia maranda, na Mama Mwalongo alikuwa akipita anaonyesha ukuni wake ni upi.

Tulingoja moshi utawanyike. Mimi na Osmundi tulipepea kwa masinia kama wendawazimu. Ndipo Mama Sanga akaingia.

Alisimama kwanza. Akaangalia ukuta mweupe, akaangalia pipa, akaweka kiganja juu ya tundu apime joto. Akaketi kwenye kiti. Sisi wote tulikuwa tunasikiliza kifua chake, hata wanawake waliojazana mlangoni. Akavuta pumzi ndefu, ikaingia mpaka chini, ikatoka. Akavuta nyingine. Osmundi alianza kulia waziwazi, mwanaume mzima, unga mpaka kwenye nyusi.

Nikampa bakuli. Alionja, akaonja tena.

"Chumvi imezidi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na makongoro haya nani amekata? Mnapikia simba?"

"Mimi, mama."

Akasimama polepole, akajiegemeza kwenye kiti, akaninyang'anya upawa mkononi. "Toka hapo," akaniambia, "unaniziba."

Nikatoka. Nilikwenda kusimama nje kwenye ukungu na wale wanawake, mikono mitupu, nikimsikia mle ndani anamfokea Osmundi kwa sauti nzima bila kupumzika katikati. Nimesifiwa mara nyingi katika kazi hii. Hakuna sifa iliyofika pale nilipofukuzwa jikoni mwangu asubuhi ile.